Kamba Isiyoanikiwa Nguo

Jumamosi, 6 Julai

Tunasafiri na gari la kujifunzia! Letu limekataa kuwaka, na mwenye shule ya udereva amemwonea Baba huruma. Baba ndiye mwalimu wake, amemfundishia watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta miaka yote hii, basi akampa hili kwa likizo. Juu ya paa kuna kibao kikubwa chekundu: MWANAFUNZI. Hakitoki. Kimechomelewa. Dada amejifunika mtandio tangu getini. Anasema akionwa na mtu wa darasani kwao atahama nchi.

Ubaya zaidi ni breki. Gari hili lina breki mbili, ya dereva na ya mwalimu, na upande wa mwalimu amekaa Mama. Kila akiona lori, hata liwe upande wa pili wa bonde, anakanyaga. Sote tunainama kama tunasali. Baba akamwambia, mke wangu, mimi ndiye mwalimu hapa. Mama akasema anajua, ndiyo maana anakanyaga.

Tunakwenda kwa Bibi, mama yake Baba. Anakaa peke yake shambani, mwendo wa siku mbili. Sijamwona tangu nianze sekondari. Tukitoka kwake tunaendelea hadi kwenye maporomoko ya maji, Baba ameahidi.

Jambo moja halinikai sawa. Jana Mama aliniambia nifunge vitabu vyangu vyote kwenye maboksi, eti chumba kinapakwa rangi. Nikauliza rangi gani. Akasema, "Rangi tu." Mama ni mtunza stoo wa duka la rangi! Anajua aina za nyeupe nisizoweza kuzihesabu, na kila moja ina jina. Hajawahi kusema "rangi tu" maishani mwake.

Sikuuliza tena. Mimi siulizi mara mbili. Nyumbani wananiita Kobe, nikiguswa naingia ndani. Lakini nimeficha vitabu vitatu chini ya kiti cha nyuma. Hivyo havikuingia boksini. Havitaingia.

Jumapili, 7 Julai

Tumefika. Vumbi hadi kwenye meno.

Nyumba ya Bibi ni ndogo, sebule, chumba na jiko, na uani bomba la maji na choo mwisho kabisa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti kikuukuu. Hakuja kutupokea garini. Alingoja. Baba alipopiga hodi kwa mbwembwe, Bibi hakusema karibu, alisema, "Namba ngapi?"

Ndivyo anavyoitika siku zote. Alikuwa operata wa simu zamani zile za kuunganisha watu kwa nyaya. Alikaa na vidude masikioni mpaka akastaafu, na anasema alijua nani anagombana na mkewe kabla mke mwenyewe hajajua.

Baba akasema, "Mama, ni mimi." Akamjua. Mama akamwamkia, akamjua, akamwambia sauti yako imechoka, mwanangu, unalala? Dada akasema shikamoo mara moja tu na Bibi akacheka, "Wewe una chewing gum mdomoni, mate yake utayameza lini?"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa. Sikuwa nimemwamkia bado. Bibi akageuza uso huku na huku, akauliza, "Na Kobe mmemwacha wapi?"

Wote wakacheka. Ni kweli, ni mzaha mzuri. Baba amenipiga begani, akasema unaona, hata ukiwepo hupo. Nimecheka pia. Nimekasirika pia.

Chakula cha jioni: supu ya viazi. Bibi ametumiminia mwenyewe, bila kumwaga hata tone. "Karibuni kwangu," akasema, "ila msiguse kitu."

Mama aliangalia huku na huku akatabasamu. Namjua Mama. Mikono ilikuwa inamwasha.

Jumatatu, 8 Julai

Leo tumegusa kila kitu.

Mama amepanga mambo kama vita. Kwanza amempa Dada kazi ya kumtoa Bibi nyumbani: wakanywe soda dukani, wakae, wapige soga, wasirudi kabla ya saa kumi. Bibi alikubali, akamshika Dada mkono tangu mlangoni. Dada amesema hakumwachia njia nzima, Bibi na mapenzi haya! Halafu sisi watatu tukaanza.

Tumefagia. Tumetoa utando. Mama ameondoa makopo yote jikoni, akayaosha, akayapanga kwa ukubwa, makubwa nyuma, madogo mbele, na akayabandikia lebo. Amesafiri na lebo! Sukari. Chumvi. Majani. Amevuta meza hadi dirishani ili kupate mwanga. Kile kiti kikuukuu, ambacho kilisimama katikati ya njia ya kutoka sebuleni kwenda jikoni kama askari wa barabarani, Baba amekitupa kibarazani baada ya kujigonga ugoko mara ya pili.

Na kamba. Kuna kamba inayotoka kwenye msumari wa mlango wa nyuma, inapita uani hadi bombani, halafu inaendelea hadi chooni. Kamba nzuri ya katani, imekaza. Haina nguo hata moja. Bibi anaanika nguo zake juu ya ua wa miti! Jana jioni Baba alikwenda kunawa, kamba ikamkata tumboni. Leo ameifungua, akaifunga upande wa jua kati ya nguzo mbili, mafundo matatu kila mwisho, akarudi nyuma akaisifu kama mtu aliyejenga daraja.

Mimi nilifuta vumbi kwenye redio na kushika mguu wa meza wakati wa kuisogeza. Kwa hiyo na mimi nimo.

Bibi aliporudi tulisimama kwenye mstari kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Mama akauliza, "Umeonaje, Mama?" Bibi alisimama kizingitini muda mrefu. Mkono wake ulienda kando, pale kiti kilipokuwa, ukarudi.

"Pananukia sabuni," akasema. "Ahsanteni, wanangu."

Kisha akatembea, akajigonga nyonga kwenye meza. "Meza imenenepa," akasema. Tukacheka. Lakini Baba alimtazama Mama, na Mama akatazama lebo zake.

Jumanne, 9 Julai

Chai ya chumvi!

Bibi aliamka kabla yetu, akatupikia, akatia sukari mwenyewe kama kawaida yake. Baba akanywa wa kwanza. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kuona uso ukifanya. Akameza. Akasema, "Chai nzuri, Mama." Dada akatema. Bibi akaonja yake, akatulia, akasema, "Nimeona msafishe matumbo kwanza. Barabarani mmekula ovyo."

Tumecheka tena. Lakini kicheko kile kilikuwa chembamba. Baba hakumaliza kikombe. Alitoka nje, akafungua boneti ya gari ambalo halina tatizo lolote.

Nimesoma kurasa nyingi leo, sikumbuki hata moja.

Jumatano, 10 Julai

Lazima niandike hili vizuri.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, nasoma. Wengine walikwenda sokoni. Bibi alitoka na ndoo. Alipita karibu yangu. Akashuka, akainua mkono wa kushoto hadi usawa wa kifua. Akaushika upepo.

Hakukuwa na kamba.

Akasogea kidogo, akajaribu tena. Mkono ulienda juu, chini, juu, kama mtu anayepungia gari linaloondoka. Kisha akasimama tu katikati ya ua wake mwenyewe, ndoo mkononi, bomba liko pale, hatua chache tu, na hakulifuata.

Nilitaka kuingia ndani ya gamba langu na kufunga mlango. Nikageuza ukurasa. Sijui kwa nini! Mkono uligeuza wenyewe.

"Kobe," Bibi akasema, bila kugeuka. "Nimesikia karatasi. Kamba yangu iko wapi?"

Nikamwambia Baba ameihamisha. Upande wa jua. Mafundo matatu.

"Mwanangu mpumbavu," akasema, kwa upendo kabisa. "Njoo unishike."

Nimemshika. Kiganja chake kimekauka, kina nguvu. Njiani kwenda bombani yote yalinijia kwa pamoja, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba. Kiti njiani. Makopo. Mkono wa Dada. "Mmemwacha wapi?" nikiwa mbele ya pua yake!

Nikauliza anaona nini. Akasema anaona mwanga. Anaona kwamba mimi ni kitu kirefu. Macho yalianza kuingia ukungu mwaka juzi, kidogo kidogo, na yeye akaenda nao, kidogo kidogo. Kila kitu mahali pake. Kiti kinamwambia sebule imeisha. Kopo la chumvi kushoto, la sukari kulia. Kamba inampeleka kwenye maji na kumrudisha.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Ningesema nini? Mgeni anapokuja na ufagio, utamwambia nyumba yangu ni macho yangu?" Akacheka. Halafu hakucheka. "Baba yako akijua, ananipakia kwenye lile gari lenu la matairi laini. Usiseme. Niahidi."

Nimeahidi. Nilisema "naahidi" kwa sauti, ili asikie.

Halafu nikafanya kazi. Nimefungua mafundo yote ya Baba (meno yananiuma) na kuirudisha kamba kwenye msumari wake, bomba, choo. Nimerudisha chumvi kushoto. Lebo nimeziacha, ili Mama asione. Kiti sikukigusa, Baba alikuwa ameegemeza miguu juu yake kibarazani mchana kutwa.

Waliporudi Mama aliiona kamba. "Nani ameirudisha?" Bibi akasema ni yeye. Mama akaitazama kamba, kisha akamtazama Bibi. Nina usingizi. Naogopa tu ile namna alivyomtazama.

Alhamisi, 11 Julai

Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari, nasoma, miguu juu. Mlango wa mbele ukafunguka. Baba. Wa pili. Mama. Wakapandisha vioo. Walikuja kuongea mahali pasipo na mtu! Nami nilikuwa pale, nyuma yao, na kitabu kifuani. Nilipaswa kukohoa. Sikukohoa.

Wanadhani Bibi anapoteza akili.

Baba amesema mwenye duka ndiye aliyempigia simu mwezi uliopita: Bibi alimpita barabarani bila salamu, yeye ambaye humsalimia hata mbuzi. Sasa chai ya chumvi. Jana Mama alimwona kutoka njiani, amesimama uani akipunga mkono kwa hewa. Na kamba, imehamishwa vizuri, yeye anaifungua na kuirudisha mahali pa kipumbavu. Mama akasema mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Sauti ya Baba ilikatika. Akasema Jumamosi tunaondoka naye. Maporomoko basi. Kitanda chake kitaingia chumba cha Kobe, Kobe atalala na dada yake, vitabu viende stoo.

Rangi tu!

Nilipojisogeza kidogo, kiti kikalia. Mama akashtuka, akakanyaga breki. Gari limezimwa! Wakageuka. Wakaniona.

Nikashuka.

Mchana wote nilizunguka na ahadi yangu kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Nikisema, nimevunja. Nisiposema, Bibi anaitwa kichaa kwa sababu ya chai ambayo Mama mwenyewe aliitia chumvi kwa kupanga makopo yake, na mimi najua, na ninakula nao wali.

Wakati wa chakula cha jioni Baba akaanza. Polepole, kwa ile sauti anayotumia kwa wanafunzi walioanguka mtihani wa barabarani. Mama, umri umekwenda. Mama, kuna mambo tumeyaona. Chai. Kamba. Kichwa, Mama, kichwa nacho ni kiungo, kinachoka. Bibi alikuwa ameacha kula. Alikuwa anasikiliza kama mtu wa mitambo ya simu, bila kuingilia mazungumzo ya watu. Na hakujitetea! Angejitetea na nini? Angesema nini ambacho si siri yake?

"Ni nyinyi," nilisema.

Haikusikika. Dada akaniomba chumvi.

"Ni nyinyi!" Sauti ilitoka kubwa, sikuitambua. "Chai ni nyinyi. Makopo mmeyabadilisha nyinyi. Kamba ameihamisha Baba. Kiti amekitupa Baba. Nimeirudisha kamba mimi, siyo Bibi. Akili yake nzima kuliko sisi wote. Haoni. Ni macho. Haoni, na alikuwa anaishi vizuri tu mpaka tulipokuja kumsaidia!"

Redio ilikuwa inasoma bei za mazao.

Bibi akaweka kijiko chini. "Umemaliza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Jana nilikwambia nini?"

"Nisiseme."

"Na umesema."

"Nimesema." Machozi yalikuwa yananitoka lakini sikuinamisha kichwa. Hata kama haoni. Sikuinamisha.

Bibi akasimama. Akaenda chumbani mkono ukipapasa ukuta, wazi, mbele yetu wote, kama mtu aliyechoka kuvaa viatu vya kubana. Mama akaufunika mdomo wake kwa kitambaa cha meza.

Ijumaa, 12 Julai

Nilidhani nikisema ukweli mambo yatakwisha. Vitabuni hukwisha!

Baba amenikumbatia asubuhi. Amelia kidogo, akajifanya ni vumbi. Akasema afadhali macho, macho yana madaktari. Nikasema ndiyo, huenda ni mtoto wa jicho, nimesoma kwamba hutolewa, kuna hospitali mji ule tuliopitia. Akasema ndiyo, atatibiwa kwetu. Na kama haoni, akasema, basi ndiyo kabisa, siwezi kumwacha hapa hata siku moja. Tunaondoka kesho naye.

Kwa hiyo nimempa Baba sababu bora kuliko ile aliyokuwa nayo. Hongera, Kobe.

Mama anafunga vitu vya Bibi tangu asubuhi. Ameng'oa lebo zake zote bila kusema neno. Nilimkuta ameshika kopo la chumvi, amelitazama tu.

Bibi hasemi nami. Nilimwamkia, akajibu "marahaba" kama anavyomjibu mgeni.

Dada akanifuata bombani. Akasema nisijifanye shujaa, kila mtu anajua nataka chumba changu. Nikasema siyo. Akasema, "Ungekuwa unampenda Bibi ungetoa hicho chumba kwa furaha. Unapenda maboksi yako."

Sikulala mchana kwa ajili ya sentensi hiyo. Nimejiuliza kwa uaminifu, kwa sababu hapa hakuna anayesoma ila mimi. Je, ni chumba? Ndiyo, kidogo ni chumba. Nakipenda chumba changu, najua kila kitabu kilipo, naweza kukichukua gizani.

Halafu nikasimama palepale. Gizani!

Nikaenda kwa Baba. Nikamwambia Bibi achukue chumba changu akitaka, na vitabu naweza kuvigawa, lakini aulizwe kwanza kama anataka. Baba akasema wewe ni mtoto, huelewi woga wa mtu mwenye mama. Nikasema umemuuliza? Nimeuliza mara mbili. Mara tatu! Akasema Kobe, basi. Nikasema sijamaliza.

Nikaenda mwenyewe. Bibi alikuwa kitandani anachambua mchele kwenye sinia, vidole vinakimbia, kila kijiwe kinatupwa pembeni. Nikasema, "Bibi, najua umekasirika. Kasirika tu. Lakini unataka nini?"

Alitikisa sinia.

"Miaka yote ile kazini," akasema, "watu walinipa namba za watu wengine. Niunganishe huyu, niunganishe yule. Hakuna aliyeniuliza yangu." Akatupa kijiwe. "Ulivunja ahadi."

"Ndiyo. Walikuwa wanakuita mwendawazimu."

"Afadhali mwendawazimu nyumbani kwake."

"Siyo afadhali," nikasema. Nilimbishia Bibi! "Siyo afadhali, na wewe unajua. Wangekupeleka hivyo hivyo, halafu hakuna ambaye angekusikiliza ukisema hapana. Sasa sema hapana."

Vidole vikasimama.

"Baba yako analia nikisema hapana. Nimemsikia nyuma ya gari. Tangu mtoto analia kwa pua." Akashusha pumzi. "Hapa mimi ni mtu asiyeona vizuri. Kule, kwenye ngazi zenu na taa zenu na milango isiyo na mwenyewe, nitakuwa kipofu. Hospitali nitakwenda, sijakataa daktari. Niende, nirudi. Lakini mtu akishapakiwa na godoro lake, harudi."

"Mwambie Baba hivyo."

"Mwambie wewe, si una mdomo sasa." Na akatabasamu, kidogo, upande wa ukuta.

Nikamwambia Baba neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema gari litaondoka saa mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika haraka, daftari liko magotini.

Godoro la Bibi limefungwa juu ya paa, nyuma ya kibao. MWANAFUNZI halafu godoro. Redio iko ndani. Mama amekaa upande wake. Bibi yuko chumbani, anavaa viatu, amesema asiharakishwe.

Baba alikuwa anatafuta kitu cha mwisho cha kupakia, nikamwona anakiangalia kiti kikuukuu. Akasema hiki nacho, labda atakipenda kule, tukifunge nyuma. Kwa wema! Hilo ndilo linaloniumiza, kila kitu amekifanya kwa wema.

Akaingia ndani kuchukua kipande cha kamba. Nami nikakibeba kiti. Nimekitoa kibarazani, nikakipitisha mlangoni, nikakiweka kati ya sebule na jiko, mahali pake, miguu kwenye alama zake nne sakafuni. Nikakikalia.

Baba akatoka jikoni. "Kobe, inuka."

"Hapana."

Nadhani hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Hata mimi lilinishtua. Akauliza nimesema nini. Nikasema, "Hapana, Baba. Nakaa hapa na Bibi mpaka shule zifunguliwe. Nitampeleka kwa daktari wa mji ule. Nitakupigia simu kila jioni. Shule zikifunguliwa uje, na umuulize yeye. Siyo mimi wala mwenye duka. Yeye."

Akasema anahesabu mpaka tatu. Baba, nina miaka kumi na sita. Akahesabu kweli. Alipofika tatu tulitazamana tu, wote wawili hatukujua kinachofuata baada ya tatu. Akaenda garini. Sasa anapiga honi.

Naogopa. Niandike hivyo. Huenda Baba ndiye sahihi. Huenda Bibi ataanguka kesho, na itakuwa juu yangu. Nimefikiria. Bado nimekaa.

Dada ameingia. Nilidhani ametumwa kunivuta. Amepita kando yangu, kajigonga ugoko, kalaani, kaingia jikoni. Nasikia makopo. Halafu sauti yake:

"We Profesa. Chumvi ilikuwa kushoto au kulia?"

Kushoto, nimesema. Kushoto.

Honi tena. Ndefu. Halafu gari limeruka kidogo na kuzimika. Mama amekanyaga breki! Namwona kupitia mlangoni, ametazama mbele, mikono mapajani, kama hajui lolote. Baba anawasha. Linazimika. Anawasha.

Mlango wa chumbani. Bibi anakuja, viatu vya safari miguuni, mkono mbele. Mkono umetafuta kiti na umepata kichwa changu. Umetulia hapo.

"Kuna mtu kwenye kiti changu."

"Ni mimi, Bibi."

"Najua ni wewe. Kalamu yako inakwaruza kama panya. Wanasemaje huko nje?"

"Baba anasema niinuke."

Hajasema niinuke. Hajasema nikae. Mkono bado uko kichwani kwangu, mzito. Gari limezimika tena, na safari hii haliwashwi. Mlango wa gari unafunguka. Viatu vya Baba kwenye changarawe.

"Sikiliza," Bibi amesema. "Akiwa na hasira huburuta mguu wa kulia. Tangu mtoto."

Tunasikiliza.

"Anauburuta, Bibi?"

Ameinamisha kichwa upande, kama zamani na vidude masikioni. Viatu viko kwenye ngazi. Sijainuka.